Jembe la Siku ya Tatu

Avelina alikuwa mchoraji, na kwa miaka saba hakuna aliyelijua hilo isipokuwa mumewe na godoro. Mumewe alijua kwa sababu alimwoa akiwa hivyo. Godoro lilijua kwa sababu stendi ya kuchorea ilikuwa imelazwa uvunguni, miguu imekunjwa, imefungwa kwa kanga kuukuu kama maiti ya mtu wa heshima.

Alikuja Saint Paul, Marekani, kusomea sanaa, akahitimu, akaolewa na Evodius, kijana wa kwao Bukoba aliyekuwa akisoma huko pia, akamzaa Careen, na maisha yakaingia katikati kama yanavyoingia. Evodius akapata kazi ya uhasibu kwenye ofisi moja kule Eagan. Avelina akapata ya hospitali huko Maplewood, msaidizi wa wauguzi, kugeuza wagonjwa, kuwaogesha, kuwabembeleza wale waliogoma kula. Kazi aliipenda, tusimsingizie. Ila fleti yao ilikuwa ndogo, na kila kona ilikuwa na mwenyewe. Kulikuwa na cherehani, kulikuwa na baiskeli ya Careen, na ukuta ule wa karibu na dirisha kubwa, penye mwanga mzuri kuliko pote, ulikaliwa na televisheni ya Evodius. Stendi haikuwa na pa kusimama, ndiyo ikalala.

Basi mwaka wa tisini na sita rafiki yake mmoja wa chuoni akampigia simu. Kulikuwa na shamba mbele ya Champlin, pale nyumba zinapokwisha na mahindi yanapoanza, ambalo kila kiangazi lilipokea mchoraji mmoja likampa chumba na chakula mwezi mzima, naye kazi yake iwe kuchora tu. Mwisho wa mwezi majirani waliitwa waje waone alichokifanya. Avelina akaomba kwa utani. Akakubaliwa, na utani ukamwisha.

Alikusanya likizo zake zote. Siku anafunga mizigo akamwambia mumewe maneno ambayo hakuna aliyemtuma ayaseme.

"Baba Careen, nikirudi bila picha, hii stendi tunaigawa. Septemba naanza uuguzi, na habari ya kuchora isitajwe tena humu ndani."

Evodius alikuwa na mwaka mzima akimshauri asomee uuguzi, kwa hiyo akasema sawa. Cha ajabu, hakufurahi kama alivyodhani angefurahi. Siku ya safari aliipakia ile stendi kwenye gari kwa uangalifu, akaifunga na mkanda wa usalama.

Mwenye shamba aliitwa Susan, mjane wa miaka sitini na kitu, mrefu, mkavu, mchache wa maneno. Watu wa upande ule wengi ndivyo walivyo. Wakipenda kitu husema si mbaya, na wakikichukia husema ni tofauti. Avelina alikuwa ameishi nao vya kutosha kujua kwamba hiyo "tofauti" ndilo tusi la mtu mstaarabu. Alimletea Susan zawadi ya kwao, buni za kutafuna, zile zinazochemshwa na majani yenye harufu nzuri na kuanikwa, ambazo mgeni Mhaya humpa mwenyeji na mwenyeji humpa mgeni. Susan akashukuru sana. Kesho yake akazisaga na maganda yake, akazichemsha, akanywa kikombe kizima, akasema, "Ni tofauti." Avelina alicheka mpaka ikabidi amweleze. Susan naye akatafuna moja, akatazama nje ya dirisha kwa muda, kisha akachukua ya pili.

Basi hapo urafiki ukawa umeanza. Ila kazi haikuanza.

Chumba chake kilikuwa juu ya ghala, kimepakwa chokaa, kina dirisha pana na meza ya rangi. Aliisimamisha stendi, akaweka kanvasi, kitambaa chake cha kuchorea, akaketi. Siku ya kwanza ikaisha, na siku ya pili ikaisha. Jamani, mwanamke aliyezoea kuona watu wakikata roho mikononi mwake na asitetemeke, alikuwa anakiogopa kitambaa cheupe! Alikiogopa kweli. Kwa miaka saba alikuwa akijiambia kwamba kinachomzuia ni nafasi, na sasa nafasi hii hapa, mwezi mzima, na mkono haukujua uanzie wapi.

Sasa, kila mtu anajua kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengine husema hivyo wakicheka. Avelina alilelewa na bibi ambaye hakuwa akicheka. Kwa bibi yule, mgeni akiamka siku ya tatu bila kuuliza leo tunalima wapi, awe padri, awe nani, alikuwa hana adabu. Na huyu Susan alikuwa akitoka alfajiri peke yake, na mgongo wake ule, kupalilia vitunguu na maharage ya kupeleka sokoni, huku mgeni mwenye mikono miwili yuko ghorofani anatazamana na kitambaa. Aibu ilioje!

Siku ya tatu, kabla jua halijatoka vizuri, Avelina akashuka akaingia banda la vifaa.

Humo alikuta kitu kilichomsimamisha. Ukuta mzima ulikuwa mweupe, na kila kifaa kilitundikwa kwenye msumari wake, kikazungushiwa mstari mwekundu uliofuata umbo lake. Koleo lilikuwa na mstari wake, na shoka, na msumeno, na reki. Ukitoa kifaa, umbo lake jekundu linabaki ukutani likikingoja kirudi. Mistari yenyewe haikuchorwa ovyo. Penye makali ilikuwa myembamba, penye mpini ilinenepa, na kwenye ule msumeno kila jino lilikuwa na ncha yake. Avelina aliyaona yote hayo, maana jicho la mchoraji halichukui likizo. Kisha akajifanya hakuyaona, akachukua jembe, akatoka.

Lilikuwa jembe la huko Marekani, mpini mrefu mwembamba kama wa ufagio, jembe la watu wasiopenda kuinama. Avelina akaliinamia hivyo hivyo. Susan alipotoka akakuta matuta mawili ya vitunguu yamekwisha. Alisimama akayatazama. Akachukua kifaa kingine na kuanza tuta la jirani. Pengine alidhani ndivyo wachoraji wanavyotafuta mawazo.

Raha iliyoje! Udongo ulikuwa mweusi na laini, magugu yaling'oka na mizizi yake, na jioni mtu aliweza kugeuka akaona alichokifanya. Kesho yake Avelina akarudi, na keshokutwa, na wiki ikakatika. Alijiambia kwamba anapasha moto mkono. Alijiambia kwamba atachora jioni, na jioni alichoka akalala. Kanvasi akaigeuza ikatazama ukuta, akisema ni kwa sababu ya vumbi. Jumapili Evodius akipiga simu kumuuliza amefika wapi, alimjibu kwamba anaendelea vizuri, na kwa upande wa vitunguu haukuwa uongo.

Kazi ya jembe ni tamu sana kwa mtu anayekimbia kazi nyingine. Alilijua hilo, mwenyewe alilijua, na ndiyo sababu alizidi kuinama.

Mwezi ulipofika nusu, asubuhi moja akaingia bandani akakuta jembe halipo. Umbo jekundu lilikuwa tupu ukutani. Akatafuta nyuma ya mlango, akatafuta kwenye trekta, hamna. Akachungulia nje, akamwona Susan amepiga magoti katikati ya vitunguu, anapalilia kwa mkono. Susan alimwona pia, na hakumpungia.

Avelina akarudi bandani akalitazama tena lile umbo tupu. Kule kwao mgeni akipewa jembe amekuwa mtu wa nyumba, na jembe likichukuliwa tena ameoneshwa njia. Alishamwona bibi akifanya hivyo. Kulikuwa na mjomba mmoja aliyekaa mno na kusema mno, na bibi hakumgombeza hata kidogo. Alimpokea jembe mkononi taratibu, akaliosha, akaliingiza ndani. Kabla ya chakula cha mchana mjomba alikuwa barabarani na mfuko wake.

Avelina aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alijiuliza amekosa nini, kama ni vile alivyong'oa kitu kisichokuwa gugu, au ni ule wimbo anaoimba akilima, au ni zile buni. Lakini chini ya aibu hiyo palikuwa na jambo jingine, na hili halikumpendeza kulikuta. Alisikia nafuu. Sasa angerudi nyumbani bila picha, na lisingekuwa kosa lake. Angesema walinifukuza, na nani angembishia?

Akamwita Evodius kwa simu ya ghalani, akamwomba aje amchukue. Evodius akauliza kulikoni, akaambiwa njoo tu, akasema atakuja akitoka kazini. Avelina akaikunja stendi, akaifunga kanga yake, akateremsha begi. Halafu akapiga moyo konde akaenda jikoni kuaga, maana hakuna mtu wa kwao anayetoka nyumba ya watu kimyakimya.

Susan alikuwa anamenya viazi. Akalitazama begi.

"Unaondoka?"

"Umelichukua jembe," akasema Avelina.

"Ndiyo."

 Ingekuwa ni juu ya Susan, wangekaa hivyo mpaka Krismasi. Ikabidi Avelina amweleze mambo ya siku ya tatu, na bibi, na yule mjomba na mfuko wake, na kwamba ameelewa na hana kinyongo. Alipokuwa akisema, uso wa Susan ukawa mwekundu kuanzia shingoni. Aliweka kisu mezani, akaingia chumbani kwake, akarudi na jembe. Alikuwa amelificha uvunguni mwa kitanda.

"Sikukufukuza," akasema. "Nimelificha, basi."

Akaketi, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akasema mfululizo. Ule ukuta wa bandani aliuchora mumewe, Arvid. Aliuchora majira ya baridi ya mwaka mmoja, wakati hakuna cha kufanya shambani, na ndiyo kazi pekee ya kuchora aliyowahi kuifanya maishani, ingawa tangu ujana alitaka kuchora mto, na anga juu ya mto, na ng'ombe waliokuwa nao zamani. Alishanunua sanduku la rangi. Lilikuwa kabatini, halijafunguliwa.

"Kila mwaka alisema atachora tukimaliza mavuno," Susan akasema. "Na tuliyamaliza, Avelina. Kila mwaka tuliyamaliza."

Baada ya kumzika ndipo akaamua kile chumba wapewe wachoraji. Wote waliotangulia walijifungia ghorofani wakafanya kazi yao, akawapikia, akawasahau. Huyu alikuwa wa kwanza kumwona akilishika jembe namna ile, ameinama, hainui uso, kama mtu aliyejificha. Alisimama dirishani siku nyingi akimtazama, akimwona mumewe. Mwishowe hakustahimili. Ila hakujua jinsi ya kumwambia mtu mzima jambo kama hilo, ndipo akaliiba jembe lake mwenyewe.

Avelina akalia. Susan hakuwa mtu wa kukumbatia watu, akamsogezea kitambaa cha vyombo.

Mpenda methali angemalizia hapa. Angesema yule mama akaambiwa kwamba jembe lake ni brashi, akaenda akachora, kwisha habari. Hakuna aliyesema hivyo, na kama angesema, Avelina angemkatalia. Jembe halimtishi mtu. Ukikata kitunguu kwa bahati mbaya unapanda kingine. Yeye alikuwa na hofu ile ile aliyoamka nayo, sema tu sasa alikuwa ameishiwa pa kuipeleka.

Evodius alifika jua likiwa bado juu, tai shingoni, amechoka na foleni ya barabarani. Akamkuta mkewe ndani ya banda la vifaa, stendi imesimama katikati mbele ya ukuta ule, naye anachora kwa kipande cha mkaa wala hageuki.

"Mama Careen, si umeniita nikuchukue?"

"Nimekuita, ndiyo. Rudi tu."

"Nirudi na nini, safari yote hii?"

Avelina akavua viatu vyake vya shambani, vile vya mpira, akampa. "Rudi na hivi. Nikiwa navyo nitarudi kwenye vitunguu."

Evodius akavitazama viatu, akamtazama mkewe akiwa peku juu ya sakafu ya saruji. Wangekuwa nyumbani, pangekuwa na maneno. Lakini kulikuwa na kitu katika ule mgongo uliomgeukia, kitu alichokuwa amekioa na hakukiona siku nyingi. Susan akampa kahawa, safari hii kahawa ya kweli, akanywa, akarudi Saint Paul na viatu vyenye matope kwenye kiti cha mbele.

Siku zilizobaki hazikuwa rahisi. Picha ya kwanza ilikuwa mbaya, aliikwangua kwa kisu. Ya pili ilikuwa safi, kila kifaa kimefanana na kifaa, nayo ilimchukiza zaidi, kwa sababu ilikuwa picha ya mtu anayejua kuchora na haoni kitu. Aliketi chini akatamani magugu. Alienda mlangoni akayatazama yakiota, maana Susan peke yake hakuweza kuyamaliza, na roho ikamuuma. Susan akiwa mbali huko matutani akainua mkono kumwashiria arudi ndani.

Asubuhi moja akakuta sanduku la Arvid kwenye kizingiti. Hapakuwa na ujumbe. Akalifungua. Rangi zilikuwa nzima, na ile nyekundu ilipotoka kwenye bomba lake ilikuwa laini kama siagi. Avelina akakaa nayo kwenye brashi, akitazama ukuta, akitazama lile umbo tupu la jembe ambalo bado lilikuwa ndani kwa Susan. Hapo ndipo alipoelewa kwamba siku zote hizo alikuwa akichora vyuma, na kumbe kilichokuwa kikimtazama tangu asubuhi ile ya kwanza ni ile nafasi tupu. Akaanza upya. 

Siku ya wageni majirani walikuja na keki zao, wakasimama bandani na vikombe mikononi. Evodius alikuja na Careen. Picha ilikuwa moja tu, kubwa, ukuta mweupe na vifaa vyake vyote mahali pake, na katikati umbo jekundu lisilo na kitu ndani, lenye mwanga wa asubuhi. Mzee mmoja mwenye kofia akaikaribia, akaitazama, akarudi nyuma hatua moja.

"Hii ni tofauti," akasema.

Avelina akapiga hesabu. Mwezi mzima, likizo zote, nadhiri ile mbele ya mumewe, na hukumu ni hiyo.

Susan alikuja wa mwisho, baada ya kunawa mikono. Watu wakampisha. Alisimama mbele ya picha, kisha akahama kidogo kushoto, akahama tena, kama mtu anayetafuta kiti chake kanisani, mpaka akatulia.

"Hapa ndipo Arvid alipokuwa akisimama," akasema. "Hapa hasa."

Kwenye picha hapakuwa na mtu yeyote.  Susan akatoka, akarudi na jembe, akaliingiza kwenye mstari wake ukutani mbele ya watu wote. Yule mzee mwenye kofia akaivua.

Picha ilibaki kwa Susan, Avelina hakutaka kusikia habari ya kuibeba. Alibeba stendi, na lile bomba la rangi nyekundu ambalo Susan alimtia mfukoni bila kumuuliza.

Walipofika Saint Paul, Evodius alipanda ngazi mara ya pili na mizigo, akakuta televisheni imesukumwa pembeni, stendi imeegemezwa kwenye ukuta wa karibu na dirisha, na mkewe amepiga magoti, brashi mkononi, anaizungushia mstari mwekundu. Careen alikuwa amesimama kando, akiuliza kwa Kiingereza kama mama ni mzima.

"Mama Careen," Evodius akasema polepole, "huu ukuta ni wa mwenye nyumba."

"Najua."

"Na dipoziti yetu ya pango je?"

"Najua, Baba Careen."

Akamaliza mguu wa mwisho, akasimama, akamtazama mumewe. Hakuwa anaomba ruhusa, ila alitaka sana asikatazwe, na macho yalimjaa machozi. Evodius akaweka mabegi chini. Alikaa pale akiutazama ule mstari, jinsi ulivyokuwa mwembamba juu na kunenepa kwenye miguu. Habari ya Septemba hakuiuliza. Akachomoa waya wa televisheni, akaikumbatia, akaipeleka chumbani, wakasikia inatua juu ya kabati la nguo.

Aliporudi akaona stendi imeteleza kidogo, mguu mmoja uko nje ya mstari. Akausogeza kwa kidole cha mguu mpaka ukaingia.